Juu ya Paa la Duka la Mikate

Ukumbi wa huduma wa kampuni ya simu ulikuwa umejaa pomoni, na kila aliyekuwamo aliamini shida yake ni kubwa kuliko za wenzake wote. Mmoja laini yake imefungwa, mwingine kasahau namba ya siri, na mama mmoja mnene alikuwa anamweleza mlinzi kwamba simu yake inawapigia watu yenyewe, tena watu asiotaka kabisa kusikia sauti zao. Kipaza sauti kikaita namba kumi na nane. Msemaji akaitazama karatasi yake, namba arobaini na moja, akashusha pumzi na kutafuta pa kukaa.

Msemaji si jina alilopewa na wazazi wake. Kazini alikuwa Afisa wa Mahusiano na Wachezaji katika kampuni ndogo iliyotengeneza mchezo wa kwenye simu, na kwa kuwa cheo hicho kilikuwa kirefu kama foleni ya siku ile, wenzake walikikata wakabaki na neno moja. Lilimkaa vizuri. Alikuwa msichana wa kimo cha wastani, mwenye vishimo mashavuni na mdomo usiopitwa na jambo. Siku hiyo alivaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa kiunoni, kilemba cha rangi ya chungwa, na miwani mikubwa iliyokaa upande kidogo kwa sababu aliilalia mara moja na hakuwahi kuitengeneza.

Nafasi ilikuwa moja tu, kando ya kijana mwenye shati la bluu lililokunjwa mikono hadi viwikoni, koti jeupe limelazwa mapajani. Kucha zake zilikuwa safi kama za daktari. Alikuwa ameinamia simu, amezama humo mzima mzima. Msemaji akachungulia kidogo tu, na moyo ukamruka. Kijana alikuwa anacheza Kitongoji.

Kitongoji ndio ulikuwa mchezo wenyewe, ule ule uliompa Msemaji mshahara na maumivu ya kichwa. Humo kila mtu hupewa kiwanja, akajenga nyumba, akalima bustani, akafungua duka akitaka, na kutembeleana na majirani ambao ni watu wa kweli waliokaa na simu zao huko waliko. Msemaji akasogeza shingo. Akasogeza tena.

"Dada," kijana akasema bila kuinua macho, "ukiegemea zaidi ya hapo utaniangukia."

"Nyanya zako zinanyauka."

"Najua. Tangu walipoleta hiyo mvua yao sielewi kitu. Nikimwagilia zinaoza, nisipomwagilia zinanyauka."

"Mwagilia kidogo asubuhi, basi, mchana usiguse."

"Hayo yameandikwa wapi?"

"Hayajaandikwa."

"Si unaona!" Sasa kijana aliinua macho, na Msemaji akagundua kwamba yalikuwa macho mazuri, yenye kope ndefu zisizomstahili mwanaume. "Hao watu hawaandiki chochote. Kila wakileta toleo jipya, wanatuwekea mstari mmoja: tumefanya marekebisho madogo madogo. Madogo gani? Juzi hayo madogo yalihamisha choo changu kikaenda kukaa sebuleni kwa jirani!"

Msemaji alicheka mpaka mama mwenye simu ya ajabu akageuka. "Ulilalamika?"

"Nililalamika, nikajibiwa 'tunathamini maoni yako.' Siku nikikutana na huyo anayeandika hayo maneno, nina la kumwambia."

Angeweza kunyamaza. Mtu mwenye akili timamu angenyamaza, akachukua laini yake, akaondoka zake. Lakini Msemaji hakuumbwa hivyo, na pia zile kope zilikuwa zimeshaanza kazi yake.

"Mwambie basi," akasema. "Ndiye huyu amekaa hapa."

Kijana alimtazama kuanzia kilemba hadi raba nyeupe miguuni. "Wewe ndiye tunathamini maoni yako?"

"Mimi ndiye."

"Lo!" Akafikiri. "Nilikuwa nimekupangia maneno makali kweli. Yote yamenitoka."

"Ukiyakumbuka niandikie. Nitakujibu ndani ya siku tatu za kazi."

Ikawa zamu yake kucheka. Wakazungumza kuanzia namba ishirini na mbili hadi namba thelathini na tisa bila kuona muda ukienda. Kijana alikuwa fundi wa miwani, mwenye duka lake dogo mtaa wa pili. Alikuja kumtengenezea bibi yake laini mpya, kwa maana huyo bibi ndiye aliyemwingiza kwenye Kitongoji. Namba arobaini ilipoitwa, Fundi alisimama, akavaa koti lake jeupe, kisha akarudi hatua moja.

"Miwani yako imepinda upande wa kushoto. Inanikera tangu ulipokaa. Pita dukani niinyooshe."

"Huwa unawaambia hivyo wasichana wote?"

"Wenye miwani iliyopinda tu."

Msemaji alipita kesho yake. Duka lilikuwa jembamba, kioo huku na kioo kule, miwani imepangwa ukutani mamia kwa mamia. Fundi aliipasha moto mikono ya miwani, akaikunja taratibu, akamvisha, akamvua, akamvisha tena. Ilikuwa imenyooka tangu mara ya kwanza, na wote wawili walijua. Akapita na keshokutwa yake, ati inambana sikio. Wiki ya tatu hakuna aliyehangaika tena kutafuta kisingizio.

Basi simu zikawa hazipoi. Fundi alimpigia akifungua duka, akampigia akila mchana, na katikati akamtumia malalamiko rasmi.

"Haloo, ni huduma kwa wachezaji?"

"Ndiyo, mpenzi mchezaji. Una tatizo gani?"

"Kuna msichana nimemkumbuka tangu saa mbili asubuhi na hali haitengemai."

"Umejaribu kuzima na kuwasha?"

"Nimejaribu. Kila nikiwaka namkumbuka upya."

"Pole sana. Fika ofisini kwetu saa kumi na moja jioni, ukiwa na karanga."

Na alikuwapo Bibi. Bibi alikuwa mkunga mstaafu, mjane, mwenye kuishi peke yake mji mwingine mwendo wa siku nzima kwa basi, na kila asubuhi saa moja, akiwa na kikombe chake cha chai, alikutana na mjukuu wake ndani ya Kitongoji. Kwa desturi ya mabibi alimwita "mume wangu," na alipopewa simu azungumze na Msemaji kwa mara ya kwanza hakupoteza muda.

"Wewe ndiye mke mwenzangu?"

"Shikamoo Bibi. Ndiye mimi."

"Marahaba. Nisikilize, mimi ndiye mke mkubwa. Zamu ya asubuhi ni yangu. Wewe chukua zinazobaki."

"Sina ubishi, Bibi."

"Mwenye adabu huyu," Bibi akamwambia mjukuu wake, kwa sauti iliyosikika duka zima. "Usimwache."

Siku moja ya Jumapili, wamekaa kwenye benchi la bustani ya mji, bega kwa bega, Fundi alimfungulia siri. "Ingia Kitongoji," akamwambia. "Nifuate." Wahusika wao wawili wakatembea hadi nyuma ya duka la mikate, mahali penye mapipa. Fundi akamwelekeza: gusa ukuta, geuka mara mbili, rudi nyuma hatua moja. Mhusika wa Msemaji akapepesuka, halafu, loo, akajikuta juu ya paa. Chini yao Kitongoji kizima kilionekana, mapaa mekundu, bustani, mvua ikitelemka. Msemaji alikuwa na miaka minne ndani ya kampuni ile na hakuwahi kuiona picha hiyo.

"Haitakiwi kuwezekana," akanong'ona.

"Bibi ndiye aliyegundua, akikimbiza kuku. Ndipo tunapokaa kila asubuhi. Hakuna mtu anayetusumbua." Fundi akaweka mkono wake juu ya mkono wa Msemaji. "Hapa sijawahi kumleta mtu. Usimwambie yeyote. Hasa huko ofisini kwenu."

"Simwambii."

Akambusu kwenye shavu, palipo na kishimo, na Msemaji akaona dunia nzima imekuwa nyepesi. Alimpenda. Alilijua hilo waziwazi, kama mtu anavyojua jina lake.

Sasa njooni ofisini. Wiki ile ile malalamiko yalianza kumiminika. Watu walikuwa wanaamka na kukuta bustani zao hazipo. Si kunyauka, si kuibwa, bali zimefutika, kiwanja kitupu. Siku ya kwanza watu kumi na mmoja, siku ya nne mia mbili. Bosi, mwanamke mwembamba asiyepandisha sauti hata akiunguliwa, aliwakusanya kwenye meza kubwa.

"Tatizo liko wapi?"

"Ni mvua," akasema Mhandisi, jamaa wa ndevu aliyekuwa hajabadili shati tangu juzi. "Limeanza tangu tulipoizidisha wiki hii. Lakini nimeipekua yote na sioni kosa. Kuna kitu kinaichanganya, na sijui ni kitu gani."

Msemaji alikuwa ameyachapa malalamiko yote na kuyatandaza mezani, kama alivyopenda, maana karatasi humwonyesha mambo ambayo kompyuta humficha. Akaona jambo. Bustani zote zilifutika asubuhi. Na viwanja vyote vilikuwa mtaa mmoja, vimelizunguka duka la mikate. Kumbe Bibi na Fundi hawakuwa peke yao waliojua njia. Wengine waliigundua, na kila aliyekaa juu ya paa mvua ikinyesha, mchezo ulishindwa kujua yuko kiwanja gani, ukamhesabu kwa jirani, na bustani ya jirani ikafutwa kumpisha.

Aliahidi kunyamaza. Pia mezani kulikuwa na barua ya mzee aliyepanda maua miaka mitatu kwa kumbukumbu ya mkewe, na asubuhi hiyo alikuta udongo mtupu.

Alijikaza. "Kuna njia ya kupanda juu ya duka la mikate," akasema.

Mhandisi alimtolea macho. "Haiwezekani."

"Nipe simu yako."

Alimwonyesha. Mhandisi akatukana kwa furaha, akakimbilia kwenye kiti chake, na kabla ya saa tisa alasiri njia ilikuwa imezibwa, bustani zinarudishwa moja baada ya nyingine. Ofisi nzima ilimpigia makofi. Bosi akamwambia, "Toleo jipya linatoka leo jioni. Kwenye maelezo andika marekebisho madogo madogo tu. Tusijitangazie uzembe."

Msemaji ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni wote wa ofisi ile: ukigusa kitu cha mtu, mwambie kabla hajakigundua mwenyewe. Siku ile aliandika mstari mmoja, kama alivyoagizwa. Kisha akaishika simu ampigie Fundi. Akaiweka. Alijiambia atampigia baada ya kikao, kisha akifika nyumbani, kisha akishaoga, kisha kesho, maana leo lazima amechoka. Visingizio havikumwishia. Ukweli ni kwamba aliogopa, na woga ukishavaa nguo za huruma mtu huweza kukaa nao siku nzima bila kuutambua.

Asubuhi ya Alhamisi Fundi alikuwa na mzigo wa fremu wa kupokea mapema, akamwambia Bibi atangulie. Saa nne simu ya Msemaji ikalia.

"Mpenzi wangu!" akaitikia kwa uchangamfu wa mtu mwenye hatia.

"Ile njia imezibwa." Sauti ya Fundi ilikuwa tulivu, na utulivu wenyewe ukamtisha. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Mimi ndiye niliyewaambia. Ilikuwa inafuta bustani za watu, nisingeweza..."

"Sikuulizi kwa nini uliwaambia. Mngeiziba hata mara kumi. Unajua Bibi amefanya nini leo? Amesimama nyuma ya lile duka saa nzima na nusu. Anagusa ukuta, anageuka, anarudi hatua moja. Anagusa ukuta, anageuka. Alidhani amesahau."

Msemaji akashika ukingo wa meza.

"Dada yake alianza hivyo hivyo," Fundi akaendelea. "Alianza kwa kusahau njia ya kwenda jikoni. Mwisho akawa hamjui mtu. Bibi amelia asubuhi nzima akidhani zamu yake imefika. Nilipompigia alikuwa anaandika majina ya watoto wake kwenye karatasi, ili asije akayasahau."

Hapo ndipo Msemaji angesema samahani, nimekosa, nilikuogopa. Maneno hayo alikuwa nayo. Lakini miaka minne ya kujibu watu wenye hasira ilimtangulia mdomoni, na kabla hajajizuia alisikia sauti yake mwenyewe, laini, iliyopigwa pasi:

"Ninaelewa kabisa usumbufu uliojitokeza, na ninakuhakikishia..."

"Usinijibu kama mchezaji," Fundi akasema, na simu ikakatika.

Alipiga, haikupokelewa. Akaandika ujumbe, akaufuta. Kila alichoandika kilinuka ofisi. Siku hiyo hakula. Ijumaa alikosea kuvaa viatu, kimoja cheusi na kimoja cha kahawia, na Mhandisi alipomwonyesha hakucheka. Lililomchoma halikuwa hofu ya kuachwa peke yake, ingawa hiyo nayo ilikuwapo. Lililomchoma ni kumfikiria yule mkunga mzee aliyekaa peke yake na kalamu, anaandika majina ya wanawe, kwa sababu ya mstari mmoja wa kweli ambao yeye hakuuandika.

Jumamosi asubuhi, saa moja kamili, akapiga moyo konde na kumpigia Bibi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Hii ni zamu yangu, unajua?"

"Najua. Nimeiingilia makusudi. Bibi, hukusahau kitu. Njia ilizibwa, na mimi ndiye niliyewaambia waizibe, na sikukupigia. Nilipaswa kukupigia siku ile ile kabla hujaweka chai. Niliogopa mtanichukia, nikajificha. Nisamehe."

Kijiko kililia kwenye kikombe. "Nimezalisha wanawake miaka thelathini na nane," akasema mwishowe. "Wengine wanakuja mtoto amekaa vibaya. Manesi wadogo wanataka kumdanganya, mama, kila kitu kiko sawa. Mimi nawafukuza chumbani. Namwambia mama: mtoto amelala ubavu, itauma, nitafanya hivi na hivi. Akishajua, anakaza meno tunasaidiana. Asipojua, anadhani mwili wake ndio mbovu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Mimi nilidhani kichwa changu ndicho kibovu."

"Si kibovu. Bibi, kina nguvu kuliko vyetu, kiligundua kosa ambalo wahandisi wanne hawakulijua."

Bibi akacheka, kidogo, kwa kujizuia. "Kweli wanne?"

"Wanne. Na mmoja ana shahada mbili."

Sasa alicheka haswa. "Haya. Mimi nimekusamehe, maana sina nafasi ya kuweka kinyongo, nyumba yenyewe ndogo. Lakini wale wengine waliosimama nyuma ya duka je? Unadhani nilikuwa peke yangu?"

Jumatatu Msemaji aliingia kwa Bosi bila kubisha na kumwekea karatasi mezani. Bosi akasoma. Iliandikwa hivi:

"Wapenzi wa Kitongoji. Wiki iliyopita tulileta toleo jipya tukasema ni marekebisho madogo. Hatukusema kweli yote. Kulikuwa na njia ya kupanda juu ya paa la duka la mikate. Ilikuwa inafuta bustani za watu, ikabidi tuizibe. Wengine wenu mliipenda, na mlikuwa mkikutana pale na watu wenu. Tuliiziba kimya kimya, na hilo ni kosa letu. Kama ulijaribu kupanda ukashindwa, hukukosea kitu, simu yako haijaharibika, na hukusahau. Ni sisi tuliobadilisha. Bustani zote zimerudi. Kuanzia leo tukiondoa kitu tutawaambia siku tatu kabla, na tutawaambia kwa nini."

"Tutaonekana wazembe," Bosi akasema.

"Tulikuwa wazembe."

"Na hii ya siku tatu, nani kakupa ruhusa?"

"Hakuna. Naiomba sasa."

Bosi aliisoma tena. Kisha akachukua kalamu, na Msemaji akajiandaa kuona karatasi ikichorwachorwa. Bosi alikata neno moja tu, neno "wapenzi," akaandika juu yake "majirani."

"Ndivyo wanavyoitana humo ndani," akasema. "Itoe saa sita."

Saa sita na robo majibu yakaanza kuingia. Wapo waliotukana, kama kawaida ya dunia. Lakini mtu mmoja aliandika kwamba alishanunua simu nyingine kwa kudhani ya kwanza imeharibika. Mwingine alimgombeza mwanawe bure kwa kuchezea mipangilio. Wanandoa wawili wanaofanya kazi miji tofauti walisema walikuwa wakionana pale kila siku, wakanuniana, kila mmoja akidhani mwenzake hataki tena kuja. Msemaji aliwajibu mmoja mmoja, kwa maneno yake mwenyewe, na ile sentensi ya kuthamini maoni akaifuta kabisa kwenye kompyuta yake.

Jibu la Fundi halikuwamo.

Saa saba mchana alivaa kilemba chake upya mbele ya kioo cha chooni, akashuka ngazi, akatembea hadi mtaa wa pili. Jua lilikuwa kali na mtaa umejaa watu wa mapumziko ya mchana. Kupitia kioo cha duka alimwona Fundi, koti jeupe, simu sikioni. Alipomwona Msemaji mlangoni alisema neno moja kwenye simu, akaitumbukiza kwenye mfuko wa koti, akabaki amesimama.

"Karibu," akasema, kama anavyomwambia mteja.

"Miwani haijapinda," Msemaji akasema. "Leo sina kisingizio."

"Nimesoma ulichoandika."

"Si hicho kilichonileta. Kile ni cha majirani. Chako sijakisema." Akakamata ukingo wa kaunta. "Siku ile nilikuwa na simu mkononi kuanzia saa tisa. Nilikuwa na nafasi ishirini za kukupigia. Niliogopa utakasirika, na kwa sababu ya woga wangu ukawa wa mwisho kujua, wewe uliyenipeleka pale. Halafu nikakujibu kama mtu wa foleni. Naona haya. Samahani, mpenzi wangu. Sina zaidi ya hapo."

Fundi alichukua kitambaa, akaanza kusafisha miwani ambayo tayari ilikuwa safi. "Nilikasirika kwa sababu nilikuwa natamba juu yako," akasema. "Kwa Bibi, kwa wateja, kwa kila mtu. Yule msichana wangu mdomo wake hauna kufuli. Ukiwa naye hakuna cha kukisiakisia. Halafu nikajikuta nakisia kama wengine wote."

"Bado unanipenda?"

"Swali gani hilo? Nimekosea vipimo vya watu watatu tangu Alhamisi. Kuna mwalimu nimempa miwani ya mkewe."

Msemaji alicheka, machozi yakachanganyika na kicheko, akavua miwani ayafute. Bila miwani Fundi alikuwa ukungu wa bluu na mweupe, na pengine ndiyo maana alipata ujasiri.

"Basi nina jambo. Ngoja nilimalize kabla hujasema kitu. Sijalipangia siku. Sijamwambia mama, shangazi hajui, na ofisini hakuna hata mmoja aliyelinusa. Limenijia Ijumaa, nimevaa viatu viwili tofauti. Nataka tuoane. Nataka nikupigie kila kitu kikinitokea, kikubwa kwa kidogo, kabla sijampigia yeyote, mpaka tuzeeke." Akavaa miwani. "Wewe ndiye wa kwanza kujua."

Kitambaa kilimponyoka Fundi mkononi. "Wa kwanza?"

"Wa kwanza kabisa."

"Na mimi wa pili!" ikasema sauti kutoka mfukoni mwa koti.

Msemaji aliruka. Fundi alifumba macho. "Sikukata," akanong'ona. "Alikuwa hewani ulipoingia. Nilimwambia subiri."

"Nimesubiri!" Bibi akapaza sauti toka humo humo. "Nimesubiri na chai imepoa. Mume wangu, mtoto wa watu amekuuliza jambo. Jibu!"

Fundi alimtazama Msemaji kwa zile kope zake, uso wote umechanua. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo, ndiyo."

"Sisikii! Niko ndani ya kitambaa huku!"

Basi Fundi akaitoa simu mfukoni, akailaza kaunta katikati yao, akamshika Msemaji mikono yote miwili, na akairudia ile ndiyo kwa sauti iliyowafanya hata wapita njia wasimame mlangoni.